Dixie Dean na magoli 60 ya msimu mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila straika wa Uingereza anapoanza msimu kwa kasi, mabishano ya vijiweni huwa ni yaleyale: rekodi ya magoli mengi ni ya nani? Wengi humtaja Erling Haaland, aliyefunga 36 msimu wa 2022/23. Kwa Ligi Kuu iliyoanza 1992, hilo ni jibu sahihi. Ila ligi ya Uingereza ilianza 1888, na ukiihesabu tangu huko, mwenye rekodi ni kijana wa Birkenhead aliyefunga 60 katika msimu wa 1927/28. Hakuna aliyemkaribia.

Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi juu yake. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asipate shida kuubaini: ile 60 imemfunika mtu mwenyewe. Watu wanaijua namba, hawaijui kazi aliyoifanya miaka iliyofuata, na mimi naona huko ndiko ukubwa wake ulikojificha.

Dixie Dean alikuwa nani hasa?

Jina lake kamili ni William Ralph Dean. Alizaliwa tarehe 22 Januari 1907 Birkenhead, mji wa bandari na viwanda vya meli unaotazamana na Liverpool ng'ambo ya mto Mersey. Baba yake alikuwa dereva wa treni. Utoto wake ulipita katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na akiwa bado mdogo alikuwa akiamka alfajiri kusambaza maziwa majumbani.

Alicheza nafasi ya mshambuliaji wa kati, ile wazee wetu waliyoiita senta fowadi. Alianzia Tranmere Rovers, timu ya mjini kwao, kisha Everton ikamchukua akiwa na miaka 18 na kukaa naye miaka 13. Akiwa Everton alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili, Kombe la FA mara moja na ubingwa wa Daraja la Pili mara moja. England ilimwita mara 16 na akaifungia magoli 18.

Kwa nini aliitwa "Dixie"?

Lilikuwa jina la mashabiki na magazeti. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nywele zake nyeusi za mawimbi na ngozi yake iliyokoza kidogo ziliwakumbusha watu majimbo ya kusini mwa Marekani, ambayo huitwa hivyo. Mwenyewe hakulipenda. Waliomfahamu vizuri walimwita Bill. Ndiyo maana hapa chini namwita Dean.

Alianzaje?

Tranmere ilikuwa Daraja la Tatu Kaskazini. Dean aliingia kikosini akiwa kijana wa miaka 16, na kufikia Machi 1925 alikuwa amefunga magoli 27 katika mechi 30 za ligi. Timu kubwa zilianza kupanga foleni.

Jambo moja la kipindi hicho halisimuliwi sana, pengine kwa sababu linatia uchungu kulisikia. Akiwa na miaka 17, katika mechi ya timu ya akiba dhidi ya Altrincham, beki mmoja alimchezea vibaya mno mpaka korodani moja ikabidi iondolewe hospitalini. Mchezaji angeweza kuacha soka palepale. Yeye alirudi, na msimu uliofuata ndio uliowaleta wanunuzi mlangoni.

Everton ilitoa pauni 3,000, pesa nyingi sana kwa kijana wa daraja la tatu. Siku katibu wa Everton, Thomas McIntosh, alipovuka mto kuja kumwona, Dean alikuwa ametoka. Alipopewa habari nyumbani kwamba mtu wa Everton anamsubiri hotelini karibu na kivuko, hakungoja usafiri: alitimua mbio kwa miguu mpaka hotelini. Everton ndiyo timu aliyoishabikia tangu utotoni, na mtu anayejua maana ya kuitwa na timu yake ya moyoni hatazishangaa mbio zile.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ugenini dhidi ya Arsenal, tarehe 21 Machi 1925, na Everton ikapigwa 3-1. Msimu wake wa kwanza kamili, 1925/26, alifunga 32 katika mechi 38 za ligi.

Ni kweli alipata ajali iliyokaribia kumuua?

Ni kweli. Kiangazi cha 1926, akiwa na miaka 19, alipata ajali ya pikipiki kaskazini mwa Wales. Fuvu la kichwa lilipasuka na taya likavunjika. Alipoteza fahamu kwa muda mrefu, na madaktari walitilia shaka hata kupona kwake, seuze kucheza mpira.

Oktoba mwaka huohuo alikuwa uwanjani tena, na msimu ule alimaliza na magoli 21 katika mechi 27 za ligi. Kutoka hapo ukazuka uvumi kwamba madaktari walimwekea bamba la chuma kichwani, na kwamba ndiyo siri ya vichwa vyake vikali. Uvumi huo bado unazunguka mitandaoni. Ni hadithi tu, na inamnyima sifa anayostahili. Alijua kuucheza mpira kwa kichwa kabla ya ajali, na baada ya ajali alipata ujasiri wa kukipeleka kichwa kilekile kilichopasuka mbele ya mpira wa ngozi uliolowa maji. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko hadithi yoyote ya chuma.

Msimu wa magoli 60 ulikwendaje?

Msimu wa 1927/28 Dean alifunga katika kila moja ya mechi tisa za mwanzo. Ya tisa ilikuwa dhidi ya Manchester United mwezi Oktoba: Everton ilishinda 5-2, na yote matano yalikuwa yake. Tangu siku hiyo watu walianza kumhesabia.

Namba waliyokuwa wakiitazama ilikuwa 59. George Camsell wa Middlesbrough alikuwa ameifikia msimu mmoja tu nyuma, katika Daraja la Pili. Kwa daraja la juu, rekodi ilikuwa 43 za Ted Harper wa Blackburn Rovers, msimu wa 1925/26. Hiyo ya Harper Dean aliipita bila kelele. Ya Camsell ndiyo iliyompa kazi.

Zilipobaki mechi tatu, Dean alikuwa na magoli 51. Alihitaji tisa. Dhidi ya Aston Villa akafunga mawili, 53. Tarehe 28 Aprili kule Burnley akafunga manne katika ushindi wa 5-3, na hesabu ikafika 57. Ikabaki mechi moja, nyumbani Goodison Park, tarehe 5 Mei 1928, na mgeni ni Arsenal. Ubingwa ulikuwa tayari mikononi mwa Everton, kwa hiyo watu walijazana uwanjani kwa jambo moja tu: kumwona Dean akifunga matatu.

Mechi ile ya mwisho ilikuwaje?

Arsenal ndiyo iliyoanza kufunga, mapema kabisa. Muda mfupi baadaye Dean akasawazisha, 58. Kisha Everton ikapata penalti, akaipiga mwenyewe, 59. Mechi ilikuwa haijafika hata robo, na Camsell alikuwa ameshafikiwa.

Baada ya hapo mpira ukagoma kabisa. Arsenal ikasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kikaenda, dakika zikayoyoma, na Arsenal haikuwa na nia ya kumwachia mtu. Charlie Buchan, nahodha wao, alikuwa akicheza mechi yake ya mwisho ya maisha, na hakuja Liverpool kupamba sherehe ya mwenzake.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Everton ikapata kona upande wa kushoto. Aliyekwenda kuipiga alikuwa Alec Troup, winga wa Kiskoti, kajitu kafupi ambako mfupa wa bega lake ulikuwa na tabia ya kuchomoka, hivyo kila mechi alicheza akiwa amefungwa bandeji nzito begani. Troup akaupandisha mpira mbele ya goli, Dean akawaruka wote waliokuwa wamemzunguka, kichwa, nyavuni. 60.

Arsenal ilisawazisha tena mwishoni, mechi ikaisha 3-3, na sidhani kama kuna shabiki wa Everton aliyejali. Dean alikuwa na miaka 21 na miezi mitatu.

Namtaja Troup kwa makusudi. Magoli mengi ya msimu ule yalitokana na krosi zake za kushoto na za Ted Critchley upande wa kulia. Anayesimulia 60 bila kumtaja Troup amesimulia nusu.

Je, rekodi ilirahisishwa na kubadilika kwa sheria ya kuotea?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wanaoliuliza wana haki ya kuliuliza.

Kabla ya 1925, mshambuliaji alihitaji kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli mpira unapopigwa mbele. Mabeki wakapata mwanya. Beki mmoja akipanda mbele, mwenzake akabaki nyuma kwa tahadhari, washambuliaji wote wanakuwa wameotea. Bill McCracken wa Newcastle United aliujua mtego huo kiasi cha kuwachosha watazamaji nchi nzima. Mechi zikawa za filimbi tupu. Kiangazi cha 1925 sheria ikabadilishwa, watatu wakawa wawili. Matokeo yakaonekana msimu uleule: magoli ya ligi nzima, madaraja yote, yaliruka kutoka 4,700 hadi 6,373, kwa idadi ileile ya mechi.

Kwa hiyo ndiyo, Dean alicheza katika kipindi kizuri kwa mshambuliaji. Hilo halikataliki. Ila tazama mambo haya.

Kwanza, sheria haikubadilishwa kwa ajili ya Everton. Kila senta fowadi wa Uingereza aliamka asubuhi ile na nafasi ileile. Msimu wa kwanza wa sheria mpya, mabeki wakiwa bado wamepigwa na butwaa, aliyeongoza alifikisha 43. Dean alifunga 60 katika msimu wa tatu, wakati mabeki walikuwa wameshaanza kujifunza. Arsenal ya kocha Herbert Chapman, baada ya kuchapwa 7-0 na Newcastle Oktoba 1925, ilianza kumrudisha sentahafu, yaani kiungo wa kati, nyuma kuwa beki wa tatu, kazi yake kubwa ikiwa kumkaba mshambuliaji wa kati. Wengine walifuata. Dawa ya watu kama Dean ilikuwa imeshapatikana, na timu iliyoivumbua ndiyo hiyo aliyoifunga matatu siku ya mwisho.

Pili, aliyemkaribia zaidi katika daraja la juu, tangu siku hiyo mpaka leo, ni Tom Waring wa Aston Villa, magoli 49 msimu wa 1930/31. Pengo la magoli 11. Ingekuwa ni sheria pekee, tungeona watu wanne watano wamebanana pale juu.

Tatu, Everton yenyewe ilifunga 102 msimu ule. Dean peke yake alifunga zaidi ya nusu, na alikosa mechi tatu.

Rekodi hii inaweza kuvunjwa?

Siioni ikivunjwa. Daraja la juu lilikuwa na mechi 42, sasa ni 38. Mtu angehitaji wastani wa zaidi ya goli moja na nusu kila mechi, bila kuumia, bila kupumzishwa kwa ajili ya michuano ya Ulaya. Tangu Ligi Kuu ianze 1992, Andy Cole na Alan Shearer walifikia 34 wakati mechi zikiwa bado 42, na Haaland 36. Jimmy Greaves, mfungaji wa kipekee, kilele chake kwa msimu mmoja kilikuwa 41, mwaka 1960/61.

Alikuwa mrefu sana? Vichwa vile vilitoka wapi?

Hapana, hakuwa mrefu. Urefu wake haukufika mita 1.8, wa kawaida tu. Alikuwa na kifua kipana, shingo nene na miguu yenye nguvu ya kuruka. Kubwa zaidi ilikuwa ni kujua wakati. Aliruka mapema kidogo kuliko beki, akawa kama anausubiri mpira huko juu, kisha akaugeuza kwa paji la uso kuelekea pale alipotaka. Mara nyingi aliupeleka chini, karibu na mguu wa golikipa, mahali pagumu kuokoa.

Usisahau mpira wenyewe. Ulikuwa wa ngozi nene, umeshonwa na kufungwa kamba upande mmoja, na mvua ikinyesha ulinyonya maji ukawa mzito. Ukiugonga penye kamba, paji linachubuka.

Hata hivyo, wanaomwita mtu wa vichwa tu wanakosea. Katika yale 60, hesabu inayokubalika ni 20 kwa kichwa na 40 kwa miguu. Na mtu huyu aliyepigwa mateke kwa miaka 15 hakuwahi kutolewa nje na mwamuzi hata mara moja.

Alilipwa kiasi gani?

Pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu, pauni 6 kiangazi. Si Everton waliomnyima. Ndicho kiwango cha juu kilichoruhusiwa kwa mchezaji yeyote wa ligi ya Uingereza, awe nyota au wa kawaida. Juu yake kulikuwa na bonasi ya pauni 2 kwa ushindi na pauni 1 kwa sare. Ni zaidi ya alichopata fundi wa kiwandani, lakini umati uliolipa mlangoni kumtazama Dean uliingiza fedha ambazo yeye hakuziona.

Na hakuweza kugoma wala kuhama. Mkataba ukiisha, timu ilikuwa na haki ya kumshikilia mchezaji asicheze kwingine mpaka ikubali kumuuza. Kikomo cha mishahara kilifutwa Januari 1961, na utaratibu wa kuwashikilia wachezaji ukavunjwa nguvu mahakamani 1963. Kwa Dean ilikuwa kuchelewa mno. Linaniuma kila nikifikiria maisha yake ya uzeeni, nitakayoyagusa hapo chini.

Baada ya 1928 alififia?

Hapa ndipo napenda watu wasikilize.

Miaka miwili tu baada ya ubingwa, mwaka 1930, Everton ilishuka daraja, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Dean alikuwa akiandamwa na majeraha msimu ule, akacheza mechi 25 tu za ligi na kufunga 23. Mshambuliaji bora wa nchi, miaka 23, timu yake imeshuka. Alibaki.

Msimu wa 1930/31, Daraja la Pili, Dean magoli 39, Everton mabingwa, wakapanda. Msimu wa 1931/32, wamerudi juu, Dean magoli 45, Everton mabingwa wa Uingereza moja kwa moja. Timu ilifunga 116 mwaka ule. Oktoba 1931 waliichapa Sheffield Wednesday 9-3, na Dean akafunga matano. Msimu wa 1932/33 wakabeba Kombe la FA.

Ushuke, kisha kwa misimu mitatu mfululizo upande ukiwa bingwa, uwe bingwa wa nchi, na ubebe kombe. Mtu akiniuliza kilele cha Dean kilikuwa lini, sitaji 1928. Nataja miaka hii mitatu, kwa sababu alikuwa ameshajulikana, kila timu ilikuwa na beki wa kumkaba, mwili ulikuwa na makovu, na bado aliibeba timu kutoka shimoni.

Ni kweli alikuwa "namba 9" wa kwanza?

Kwa fainali za Kombe la FA, ndiyo. Tarehe 29 Aprili 1933 Wembley, Everton na Manchester City walivaa jezi zenye namba, jambo lililokuwa halijawahi kufanyika katika fainali hiyo. Everton walipewa 1 hadi 11, City 12 hadi 22. Dean, nahodha, alivaa 9. Everton ilishinda 3-0 kwa magoli ya Jimmy Stein, Dean na Jimmy Dunn. Upande wa City alikuwemo kijana Matt Busby, yuleyule aliyekuja kuijenga Manchester United. Kombe Dean alikabidhiwa na Duchess wa York, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili.

Namba mgongoni zilikuja kuwa lazima katika ligi mwaka 1939, Dean akiwa ameshaondoka.

Kwa nini aliichezea England mechi 16 tu? Na Kombe la Dunia?

Alianza kwa kishindo: mechi tano za kwanza, zote mwaka 1927, magoli 12. Mawili dhidi ya Wales, mawili dhidi ya Scotland kule Glasgow mbele ya watu zaidi ya 100,000, matatu Ubelgiji, matatu Luxembourg, mawili Ufaransa. Ushindi ule wa 2-1 Glasgow ulikuwa wa kwanza kwa England katika mji huo tangu 1904.

Wakati ule timu haikuwa na kocha wa kuichagua. Ilichaguliwa na kamati, na kamati ilipenda kubadilisha majina. Mechi zenyewe zilikuwa chache kwa mwaka. Mara ya mwisho aliitwa 1932, akiwa na miaka 25. Miaka 25! Ndiyo kwanza anaelekea kubeba Kombe la FA. Mimi naona waliomwacha walikosea.

Kombe la Dunia hakulicheza kwa sababu England haikwenda. Chama cha soka cha England kilijitoa FIFA mwaka 1928 na hakikurudi mpaka 1946, kwa hiyo michuano ya 1930, 1934 na 1938 yote iliwapita.

Uhusiano wake na Liverpool, watani wa jadi, ulikuwaje?

Uwanjani aliwatesa: magoli 19 katika dabi, idadi ambayo Ian Rush wa Liverpool pekee ndiye aliyeipita. Nje ya uwanja alikuwa rafiki wa golikipa wao, Elisha Scott wa Ireland ya Kaskazini. Husimuliwa mpaka leo kwamba siku moja walikutana barabarani, Dean akamsalimu kwa kuinamisha kichwa, na Scott akajirusha kando kuokoa. Ukiwa mtu wa dabi, wa Kariakoo au wa Mashemeji, utacheka na kuielewa bila kufafanuliwa.

Aliondokaje Everton?

Si kwa heshima aliyostahili. Januari 1937 Everton ilimnunua Tommy Lawton, kijana wa miaka 17, kutoka Burnley kwa pauni 6,500. Kila mtu alijua amekuja kurithi nafasi ya nani. Lawton mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Dean alimwambia wazi kuwa anajua hilo, na kwamba atamsaidia kwa lolote. Akamfundisha, hasa vichwa. Lawton akawa mmoja wa washambuliaji wakubwa wa karne, na Everton ikawa bingwa 1938/39 kwa magoli yake.

Ila Dean na uongozi mpya wa timu hawakuelewana. Akapelekwa timu ya akiba, na Machi 1938 akauzwa Notts County kwa pauni 3,000, bei ileile aliyonunuliwa miaka 13 nyuma. Huko mwili ulimgomea. Mechi tisa za ligi, magoli matatu.

Januari 1939 akaenda Ireland, Sligo Rovers. Mechi saba za ligi, magoli 10, yakiwemo matano siku moja dhidi ya Waterford, na fainali ya kombe la nchi waliyopoteza kwa Shelbourne baada ya mechi ya marudiano. Kisha vita vikaja.

Baada ya soka alifanya kazi gani? Alikufaje?

Alivaa magwanda ya jeshi wakati wa vita, halafu kwa miaka mingi aliendesha baa mjini Chester, iitwayo Dublin Packet. Watu walikwenda kunywa na kumsikiliza. Miaka ya 1960 alifanya kazi Littlewoods, kampuni ya Liverpool ya kamari za soka, kama mpokeaji mlangoni. Mfungaji wa magoli 60 kwa msimu alikuwa akibeba mizigo na kufungulia watu mlango ili apate kula. Aliyeijenga kampuni hiyo, John Moores, alikuwa pia mwenyekiti wa Everton. Mwaka 1964 Everton ilimwandalia mechi ya hisani Goodison Park, na watu zaidi ya 30,000 walifika, miaka 26 baada ya kuondoka kwake.

Mwaka 1976 mguu wake wa kulia ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa. Tarehe 1 Machi 1980 alikwenda Goodison kutazama dabi ya Everton na Liverpool, na humohumo uwanjani moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 73. Siku hiyohiyo mchana, kabla ya mechi, Bill Shankly, kocha aliyeijenga Liverpool, alikuwa amemsifu hadharani na kumweka kundi moja na Beethoven, Shakespeare na Rembrandt.

Sanamu yake ilizinduliwa nje ya Goodison mwaka 2001, na mwaka uliofuata akaingizwa katika kundi la kwanza la magwiji wa soka la England.

Everton ina uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Wa karibuni tu, lakini ndio uliowafanya wengi wetu kuifuatilia. Tarehe 13 Julai 2017 Everton ilicheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na kushinda 2-1. Wayne Rooney, ndiyo kwanza amerudi nyumbani kutoka Manchester United, alifunga la kwanza kwa shuti la mbali. Jacques Tuyisenge aliisawazishia Gor. Novemba 2018 Gor Mahia ilikwenda Goodison Park na kufungwa 4-0. Julai 2019 Kariobangi Sharks iliitoa Everton kwa penalti jijini Nairobi baada ya sare ya 1-1. Waliokuwa Goodison siku ile ya Novemba walikanyaga nyasi za uwanja uleule wa lile goli la 60.

Naona namba tofauti mitandaoni: 349, 379, 383. Ipi sahihi?

Zote ni sahihi, zinahesabu vitu tofauti. Everton katika ligi peke yake: mechi 399, magoli 349. Ukiongeza Kombe la FA na mechi nyingine rasmi za Everton: mechi 433, magoli 383. Ligi ya Uingereza kwa jumla, yaani Tranmere 27, Everton 349 na Notts County 3: magoli 379 katika mechi 438. Magoli 10 ya Sligo hayamo, kwa sababu ile ni ligi ya Ireland. Ukitaka daraja la juu pekee, toa 39 za msimu wa Daraja la Pili, zinabaki 310 katika mechi 362.

Na msimu wa 1927/28 wenyewe: 60 ni za ligi, mechi 39. Ukiona 63, mtu ameongeza matatu ya Kombe la FA.